Gia Kabla ya Kona

Jumamosi, 6 Julai

Tumeanza. Siamini! Mimi, fundi cherehani wa miaka hamsini na tatu, magoti mabovu yote mawili, napanda milima kwa baiskeli ya mume wangu marehemu. Binti yangu alisema nimerukwa na akili. Kisha akaninunulia kofia ngumu. Mtoto mzuri, ila anasema kabla ya kufikiri — si kama baba yake, aliyefikiri wiki nzima kabla ya kutoa neno moja.

Basi limetushusha pale lami inapoishia. Rafiki yangu Kamanda alisimama chini akiwaamrisha waliokuwa wakiteremsha baiskeli kutoka juu ya paa: taratibu hapo, inua, usivute! Kama vile baiskeli ni wagonjwa wa wodi yake. Miaka thelathini ya unesi haitoki mwilini kwa kustaafu. Mimi ananiita Mfupi, tangu tukiwa darasa la tano, na sina la kujibu, maana yeye mwenyewe ni mlingoti.

Mifuko ya baiskeli nimeshona mwenyewe. Turubai la lori, uzi wa viatu, mshono wa mara mbili. Minne. Kamanda amesifu hadi nikaona haya.

Leo kilomita ishirini na mbili, nyingi za tambarare. Makalio yanawaka moto.

Niandike na hili, kwa sababu ndilo lililonileta. Marehemu aliniahidi vijiji vya juu miaka na miaka. Tukistaafu nitakupeleka, alisema. Alikuwa mkaguzi wa visima, akizunguka bondeni kote huku, na milima akiiona kwa mbali tu. Hajawahi kupanda, aliniambia — anajizuia makusudi, ili mara ya kwanza tuione wote wawili. Akafa hajastaafu. Mwezi huu miaka miwili. Mwaka huu Kamanda akaja jikoni kwangu akasema twende, tumfanyie yeye. "Utalia vizuri kule juu," alisema. Nililia pale pale, na kitunguu mkononi, nikamkumbatia.


Jumapili, 7 Julai

Hoi. Hoi kabisa!

Milima haina huruma. Unapanda, unafika, unashusha pumzi, unakuta kumbe ulikuwa mlango tu wa mlima wenyewe. Nimesukuma baiskeli kuliko nilivyoipanda. Mzee mmoja mwenye kondoo alinipita kwa miguu, akanisalimia, akanipita.

Lakini vijiji! Nyumba za mawe, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Mashamba ya ngazi kutoka mtoni hadi mawinguni. Njia nyembamba, ngazi za mawe zimelika katikati kwa miguu ya watu. Baiskeli unabeba begani, na kwenye kila dirisha kuna mtu anakutazama na kukupa pole. Nimesema moyoni: ona, mume wangu. Tumefika.

Kamanda ananishangaza. Mjini ni mbovu wa gia, kila mlima lazima cheni ilie krrr, na mimi namcheka. Maana gia hubadilishi ukiwa umeshaanza kupanda. Ukikanyaga kwa nguvu cheni inagoma. Unabadili kabla, miguu ikiwa bado myepesi. Basi leo cheni yake haikulia hata mara moja. Nimemwambia kastaafu unesi kawa fundi wa baiskeli. Akacheka, akasema alikuwa akifanya mazoezi.

Tumelala nyumba mbaya. Niseme ukweli. Tulipita nyumba nzuri yenye baraza na kibao cha malazi, nikaanza kushuka, Kamanda akasema hapana, huko juu kuna bora zaidi. Huko juu kuna kitanda kimoja chenye shimo katikati, na mbuzi nyuma ya ukuta. Tumelala tumeporomokeana kama viazi kwenye gunia. Tumecheka hadi machozi.


Jumatatu, 8 Julai

Kuna kitu.

Sijui nikiandike au nisikiandike. Daftari ni langu, naandika.

Asubuhi tulikuwa tunateremka, mimi nyuma yake. Njia inazunguka mwamba, mbele huoni kitu, ukuta wa jiwe tu. Tunateremka bado, upepo masikioni, raha tupu. Nikasikia tak-tak-tak. Kamanda kashusha gia hadi ile nyepesi kabisa. Kwenye mteremko! Nikataka kumcheka. Tukazunguka mwamba — na mlima ukatusimamia usoni, wima. Yeye akapanda tu, anapiga pedali kama anacheza. Mimi cheni ikagoma, baiskeli ikasimama, nikaanguka ubavu kwenye majani.

Nikiwa pale chini nilikuwa nacheka. Kicheko kikaniishia taratibu.

Alijuaje?

Nikajiambia ramani. Ana karatasi zake alizochapisha. Lakini karatasi ziko kwenye mfuko wa nyuma, mfuko niliushona mimi, na kamba hajaifungua tangu jana.

Basi nikaanza kumchunguza. Najichukia kwa hilo, lakini nimemchunguza. Mara nne leo amebadili gia kabla ya kona. Mara nne, na mara zote nne mlima ulikuwepo. Kwenye njia panda akashika kushoto bila hata kupunguza mwendo. Nikamwuliza umejuaje ni kushoto, akasema si inaonekana imekanyagwa zaidi. Ya kulia ndiyo iliyokuwa imekanyagwa zaidi.

Akili yangu inasema huenda alikuja zamani na wauguzi wenzake. Kwa nini asiseme? Kamanda, ambaye akikata kucha lazima anisimulie?

Mkono unaniuma nilipoangukia. Ameufunga vizuri sana.


Jumanne, 9 Julai

Nilitamani leo nisiandike.

Tairi langu la nyuma lilipungua upepo, na pampu yetu inavuja. Kijijini wakatuelekeza kwa mhunzi, karakana ya mawe kando ya mto. Kamanda akasema anakwenda kisimani kujaza chupa, nimpitie huko. Nikaona ajabu kidogo, kwa sababu bomba lilikuwa pale pale mlangoni. Nikaenda peke yangu.

Mhunzi ni mtu mzima, mikono myeusi hadi viwikoni. Alijaza upepo. Alipomaliza hakuinuka. Akapitisha kidole kwenye keria ya nyuma, kwenye kile kipande cha nondo kilichochomelewa, ambacho ncha yake imekunjwa kama mkia wa nguruwe. Akatabasamu. Akasema hii kazi yake. Kila anachochomelea anakikunja ncha hivyo, akanionyesha majembe yake, na bawaba za mlango. Kweli. Mikia mitupu.

Akauliza mzee hajambo?

Nikasema hajambo.

Kwa nini nilisema hajambo? Sijui! Ulimi ulikwenda wenyewe.

Akauliza, na mama mrefu naye? Watu wazuri sana wale, akasema. Keria ilivunjika hapo daraja la juu, wakaja wanasukuma, wanacheka kama watoto, na mama akakaa palepale kwenye kile kigogo akimmenyea mzee chungwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kile kigogo.

Nikamshukuru. Nilisahau kuchukua kofia, akanifuata nayo njiani.

Sasa niweke sawa. Keria ile naikumbuka. Miaka mitano iliyopita marehemu alirudi kutoka semina ya wiki nzima, nikauliza kulikoni, akaniambia imevunjika stesheni na fundi wa nyuma ya soko amemchomelea. Nikasema fundi huyo ana madoido. Tukaendelea kula.

Wiki hiyo hiyo Kamanda alikuwa amekwenda kumwuguza shangazi yake.

Nimemkuta kisimani. Akaniuliza tairi limepona? Nikasema limepona. Amenitazama sana. Mimi nimeangalia maji.


Jumatano, 10 Julai

Nimemwuliza.

Sikupanga. Nilipanga kukaa kimya mpaka nyumbani, nikaongee na binti, nikapate mtu wa kunishika. Lakini tulipanda asubuhi yote, saa tatu za kupanda, na nikiwa nyuma yake namwona mgongo tu. Mgongo ule naujua. Nimeushonea sare za kazi miaka thelathini. Nimemshonea gauni la harusi ya mdogo wake, na nguo nyeusi ya msiba wangu. Kila mzunguko wa pedali nilikuwa nahesabu: semina ile, shangazi yule. Ukaguzi ule wa dharura, zamu zile za ziada. Zinaoana kama kitufe na tundu lake. Na mimi ndiye fundi, nisione!

Tukafika juu kwenye uwazi, upepo mkali, bonde lote chini. Akatoa mayai ya kuchemsha, akaanza kunimenyea moja. Kumenya! Pale pale nikamwuliza:

"Umekuja hapa mara ngapi na mume wangu?"

Hakuniuliza nani kaniambia. Hakujifanya hajasikia. Akaweka yai juu ya karatasi, akafuta vidole.

"Mara sita," akasema. "Hii ya saba."

Hii ya saba! Kaihesabu! Safari yangu, ya kumkumbuka mume wangu, kumbe kaipanga kwenye foleni pamoja na zao.

Nilipiga kelele. Sikumbuki yote. Nilimwita majina ambayo sikujua nayajua. Nilimwuliza amenichezea shere tangu lini, akasema miaka saba. Miaka saba! Na hiyo miaka saba alikuwa anakula kwangu kila Jumapili. Binti yangu anamwita mama mdogo. Marehemu alipolazwa, yeye ndiye aliyemhamishia kwenye wodi yake, na mimi nikamwambia kila mtu, jamani, Mungu amenipa rafiki. Siku ile ya mwisho alinituma nyumbani nikalete shuka safi. Nikaenda mbio. Niliporudi ameshamfumba macho. Nilimshukuru kwa kumfumba macho! Nilimpigia magoti!

Nikamwuliza, lile la shuka lilikuwa makusudi?

Akaliviringisha yai ndani ya karatasi. Mwisho akasema ndiyo. Kwamba alijua zimebaki dakika, na alitaka awe naye peke yake.

Nilikaa chini.

Jua lilikuwa kali na mimi nilikuwa natetemeka. Akavua koti lake, akataka kunifunika, nikalitupa. Likaenda na upepo mpaka kwenye miiba, akalifuata akalitoa, akalikung'uta, akarudi akakaa mbali kidogo. Nikauliza swali ambalo ndilo linaloniua hadi sasa. Kwa nini unilete? Amekufa, hakuna aliyejua, ungekaa na siri yako ukazeeka nayo. Kwa nini unitoe kitandani kwangu unilete huku?

Hapo ndipo alipoinua uso. Macho makavu kabisa.

"Nilitaka kuviona vijiji hivi tena, Mfupi. Peke yangu nisingeweza. Msibani kwako mimi nilikuwa nagawa chai. Watu mia wamepita, hakuna hata mmoja aliyenipa pole. Ningelia na nani, kama si wewe?"

Akasema kama jambo la kawaida. Kama anaomba chumvi.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Nilidhani ananisindikiza kwenye huzuni yangu. Kumbe mimi ndiye niliyeletwa kusindikiza ya kwake. Nimeshona mifuko! Nimefanya mazoezi ya magoti miezi mitatu! Nimetembezwa kila njia waliyopita, kila kona, na kila nilipolia kwa uzuri wa mahali, yeye alikuwa analilia jambo lingine pembeni yangu. Nimefanywa mjinga na watu wawili, na mmoja siwezi hata kumzaba kofi.

Nikataka kurudi. Akasema kwa sauti yake ile ya wodini kwamba kurudi ni siku nne, kwenda mbele ni siku tatu na basi lipo. Na mkono wangu umevimba.

Anasema kweli. Hilo nalo linanikera.


Alhamisi, 11 Julai

Mvua.

Tumeongozana tukiwa hatua mia mbali. Hakuna aliyesema neno isipokuwa "shimo" na "utelezi." Yeye ndiye alisema. Mimi nilipita shimo na utelezi bila kumjibu.

Mchana mtandao ukapatikana mahali pamoja tu, juu ya jiwe, unasimama kwa mguu mmoja. Nikampigia binti. Nilitaka kusema. Mdomo nilishaufungua. Akasema mama, jana nimemwota baba, alikuwa anatuletea mahindi, mnafurahi huko? Nikasema tunafurahi. Akasema msalimie mama mdogo.

Salamu sijazifikisha.

Nimefikiri sana kuhusu ile ahadi. Kwamba hajawahi kupanda, kwamba anajizuia. Aliniambia hivyo mara ya mwisho akiwa hospitalini, amekonda, anashika kidole changu hiki. Tutaona wote wawili kwa mara ya kwanza. Kwa nini? Hakuna aliyemwuliza! Angeweza kukaa kimya. Alikuwa ananionea huruma, au alikuwa anaona raha? Au alishasahau lipi kweli na lipi la kuniambia mimi? Kamanda ana jibu, nina hakika. Yeye ana majibu yote ya mume wangu. Mimi nina baiskeli.

Jambo la aibu, nalo niliandike. Asubuhi nilimkuta ameinama kwenye gurudumu langu, anakaza breki. Nusu yangu ilitaka kumpiga teke. Nusu yangu ikaona ameinama vibaya, mgongo wake ule unaouma, nikakaribia kumwambia akae.


Ijumaa, 12 Julai

Saa kumi na moja jioni. Kijiji cha juu kabisa. Kesho tunateremka hadi kwenye basi.

Naandika haraka. Kuna watu nje.

Asubuhi niliamka na hasira mpya kabisa, utadhani ya jana iliibiwa usiku nikaletewa nyingine. Nikafunga mifuko nikaondoka bila yeye. Nikapanda! Sikusukuma hata kidogo, sijui nguvu nilitoa wapi. Magoti yalilia nikayaacha yalie. Nilitaka nifike pale ambapo yeye hajafika, kabla yake — halafu nikakumbuka kwamba hakuna mahali kama hapo huku. Nikaendelea tu.

Nilifika saa nane. Mlango wa kijiji ni tao la mawe, na nyumba inayopokea wageni ni moja tu. Hakuna ya mbali zaidi wala ya juu zaidi. Hapa Kamanda hakuwa na ujanja. Ndipo nilipoelewa kwa nini tuliruka ile nyumba yenye baraza, na kwa nini tulilala na mbuzi.

Mama mwenye nyumba alikuwa anaanika mahindi barazani. Hakunitazama mimi. Alitazama baiskeli. Akaacha mahindi, akashuka ngazi na unga mikononi, akaishika usukani kwa mikono miwili. "Imerudi," akasema. Akaangalia njia nyuma yangu, uso umefunguka, akauliza wenyewe wako wapi, wako nyuma?

Nikasema anakuja.

Akanikalisha, akanipa maziwa ya moto. Akasimulia huku akichambua majani. Jinsi mzee alivyowatengenezea bomba la kisima lililokuwa limeziba, siku mbili ndani ya shimo, bila kudai kitu. Jinsi mkewe alivyomzalisha huyu binti yake mkubwa usiku wa mvua, mtoto amekaa vibaya. Jinsi walivyokuwa wakigombana kuhusu ramani. Alisema "mkewe" mara kumi na mbili. Nilihesabu, nilikuwa sina kingine cha kufanya. Na ubaya ni huu: mtu aliyekuwa akimsimulia nilimpenda. Mwongeaji! Mcheshi! Anaimba akiwa kisimani! Kwangu alikuwa akikaa na gazeti, anafikiri wiki nzima. Nilikuwa nasikiliza habari za mume ambaye sikuwahi kupewa.

Kamanda akafika baada ya saa nzima, ameloa jasho, anasukuma. Mama mwenye nyumba akamkimbilia. Wakashikana. Akamwuliza mzee yuko wapi.

Kamanda alinitazama juu ya bega la yule mama. Alinitazama muda mrefu. Sikutikisa kichwa, sikufumba jicho. Nilishika kikombe.

"Amefariki," akasema. "Miaka miwili sasa."

Mama yule alilia kwa sauti. Majirani wakatoka. Mmoja mmoja, na aproni zao na majembe yao, wanaume wamevua kofia. Na wote, wote jamani, wakamwendea yeye. Pole mama. Pole sana. Amekuacha na nani? Ulimtunza vizuri, tuliona wenyewe. Wakamshika mikono. Na Kamanda, ambaye msibani alizunguka na sinia la chai uso kama ukuta, ambaye juzi alininyooshea macho makavu — akapasuka. Alilia hadi akashikwa asianguke. Kile kilio nakijua. Nimekilia mimi. Nilikuwa nimeshikwa na yeye.

Nikaondoka barazani. Nikachukua baiskeli zote mbili, nikaziweka chini ya paa, nikazifuta matope kwa kitambaa, nikatia cheni mafuta. Yangu na yake. Mikono inahitaji kazi. Jirani mmoja akaja akanitazama, akaniuliza kwa upole, wewe ni dada wa mfiwa? Nikasema nashughulikia baiskeli. Akaona limetosha, akaenda.

Kisha nikaingia chumbani humu. Vitanda viwili, dirisha dogo. Ukutani kuna picha ya kisima chenyewe siku kilipoanza kutoa maji, watu wamesimama wanacheka, na mume wangu katikati ameloa chapachapa. Sijui nani aliipiga. Najua nani aliipiga.

Kamanda alikuja mlangoni sasa hivi. Hakuingia. Macho yamevimba. Akasema ameshindwa kuwakatiza, walianza wenyewe. Nikasema niliona. Akasema:

"Sema neno moja tu. Nitatoka sasa hivi niwaambie wewe ni nani."

Ni kweli angewaambia. Namjua. Angesimama katikati ya wale watu waliovua kofia, akasema mimi si mke, mke ni yule pale, akasimama hivyo hivyo mlingoti, akapokea yatakayokuja. Na mimi ningepata nini? Ningepewa pole na watu wasiomjua mume wangu ninayemjua mimi. Wangenitazama, kisha wamtazame yeye, kisha watazame picha. Wangejiuliza kwa nini huyu wa kweli hakuletwa kamwe. Mimi mwenyewe sina jibu.

Na nisiposema, basi mume wangu amezikwa mara ya pili leo, na mara hii si wangu. Nitakula chakula cha msiba wa mume wangu kama mpita njia. Na Kamanda akifika nyumbani atakuwa mjane kama mimi. Atakuwa na kijiji kizima cha kumshuhudia, na mimi nitakuwa nimekaa hapo nikiwa hai, nikashuhudia nami.

Nilimtazama. Neno moja. Nilikuwa nalo kabisa hapa kooni. Nikamwambia afunge mlango, baridi inaingia.

Akafunga. Akasimama nje kidogo, nilisikia ubao ukilia, kisha akaenda.

Sasa wanapanga viti sebuleni. Vikombe vinagongana. Mtu anacheka kidogo, anakumbuka jambo fulani la mzee kuhusu ramani, na wengine wanamcheka, na namsikia Kamanda akiwasahihisha: hapana, haikuwa ramani, ilikuwa dira. Sijawahi kumwona na dira.

Mama mwenye nyumba anamwambia binti yake amwite na yule aliyemsindikiza mjane, aje ale, tangu afike hajatia kitu mdomoni.

Nyayo ukumbini. Binti anagonga, taratibu, kama mtu aliyefundishwa adabu. Anaita: mama msindikizaji?

"Naja," nimeitika.